Uzi, Timazi na Gari Linalokula Tairi

Mwenye Noah, Probox au kirikuu anayeishi Ruaruke, wilayani Kibiti, anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Mashine za alaimenti zimejaa Dar es Salaam, na ukishapimiwa huko utarudi nyumbani kwa barabara ileile iliyokuharibia vipimo. Lami inakufikisha Kibiti, kilomita zipatazo 140. Ukiiacha lami unakutana na mchanga, halafu udongo mweusi wa mbuga, ambao masika unateleza na kiangazi unakauka ukiacha mashimo yenye kingo kali. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, njia nyingi zilibaki na makorongo, na gurudumu likitumbukia humo kwa kasi hupata pigo linalofika hadi kwenye mikono ya usukani. Karatasi ya mashine uliyoilipia inaweza kuwa imepitwa na wakati kabla hujashusha mizigo.

Kwa hiyo nakushauri ujifunze kujipimia mwenyewe, hapo nyumbani, kwa vifaa vya fundi mwashi: uzi, timazi, futi, pima maji na chaki. Kupima ndiko kwenye faida kubwa kuliko kurekebisha. Hata usipogusa nati hata moja maisha yako yote, ukijua kupima utagundua tatizo tairi likiwa bado na nyuzi, na utajua kama safari ya mjini ina sababu au haina. Usidhani njia hii ni ya kimaskini. Timu za mashindano ya magari, zenye fedha za kununua mashine yoyote, mpaka leo hufunga nyuzi pembeni mwa gari kwenye viwanja vya mbio na kupima kwa rula, kwa sababu uzi ulionyooka haudanganyi.

Alaimenti ina vipimo vitatu vikuu. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele: limesimama wima, au kichwa chake kimeinamia ndani au nje. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, na ndiyo inayourudisha usukani katikati ukitoka kwenye kona. Cha tatu ni tou, yaani kama magurudumu mawili ya mbele yanakwenda sambamba, au yamebana mbele, au yamefunguka mbele. Nyumbani shughulika na tou peke yake. Ndiyo inayobadilika kwa urahisi zaidi, ndiyo inayokula tairi haraka zaidi, na karibu kila gari lina mahali pa kuirekebisha.

Ni haraka kiasi gani? Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 60. Likiwa limepinda milimita 3 tu kati ya ukingo wake wa nyuma na wa mbele, basi kila mita moja linayosonga linaburuzwa kando milimita 5. Kila kilomita ni mita 5. Likitoka Kibiti likafika Dar es Salaam limeburuzwa kwa ubavu mita 700 juu ya lami ya moto, na dereva hajasikia kitu chochote kwenye usukani. Milimita 3 ni unene wa sarafu mbili hivi.

Kabla ya kuchukua uzi, lisome tairi lenyewe. Pitisha kiganja juu ya nyuzi za tairi la mbele, kutoka nje kuja ndani, kisha urudishe kutoka ndani kwenda nje. Tairi lililolika kwa tou lina kingo ndogo zinazoelekea upande mmoja: kiganja kinateleza kwenda, kinakwaruzwa kurudi. Ukikwaruzwa unapokitoa ndani kwenda nje, mara nyingi magurudumu yamebana mbele kupita kiasi, na ukingo wa nje ndio unaokwisha kwanza. Ukikwaruzwa unapokileta ndani, yamefunguka mbele, na ukingo wa ndani ndio unaoumia. Huu wa ndani ndio wa hatari, maana hauonekani ukisimama pembeni. Watu wengi hugundua siku waya zinapochomoza. Tairi lililolika ukingo mmoja bila kukwaruza lina tatizo la kemba au limekosa kuzungushwa nafasi kwa muda mrefu. Likilika kingo zote mbili na katikati pakabaki, upepo ulikuwa mdogo. Katikati pakilika, ulizidi.

Hapa kuna jambo moja la kwetu. Wengi wetu tunanunua matairi ya mtumba, na tairi la mtumba linakuja na ulikaji wa gari jingine. Ukilisoma siku ya kwanza utalisingizia gari lako kosa la gari lililobaki Japani. Siku unapolifunga, chukua njiti ya kiberiti, iingize kwenye mfereji wa tairi ndani, katikati na nje, weka alama kwa ukucha, na uandike vipimo kwenye daftari pamoja na namba ya kilomita. Baada ya miezi miwili rudia. Tofauti kati ya vipimo vya kwanza na vya pili ndiyo habari ya gari lako.

Mchanga wetu nao una faida yake. Asubuhi baada ya mvua, tafuta sehemu tambarare ya mchanga uliolowa, endesha polepole usukani ukiwa umenyooka kwa mita ishirini hivi, simama, shuka, tembea nyuma ya gari. Tazama alama za matairi ya nyuma zilivyokaa juu ya zile za mbele. Zikiwa zimesogea kwa kiasi kilekile kushoto na kulia, ekseli ya nyuma iko sawa. Zikiwa zimehamia upande mmoja, gari lako linatembea kama kaa wa mikokoni, uso huku na mwendo kule. Hilo si la kurekebishia mbele. Kuna bushi ya nyuma iliyokwisha, au ekseli imesogea kwenye springi, au gari liliwahi kugongwa kabla hujalinunua. Kata shauri la kumwona fundi wa bodi na chesisi kabla ya yote.

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo sitaki uiruke. Kupima gari lenye viungo vilivyolegea ni kupima upepo. Leo utapata milimita 2, kesho milimita 6, na zote ni kweli. Gari likiwa limesimama chini kwa magurudumu yake, mwombe mwenzako atikise usukani kushoto na kulia kidogo kidogo, wewe ukiwa umeshika kwa vidole kiungo cha tairodi endi, mwisho wa fimbo inayounganisha usukani na gurudumu. Usukani ukicheza na kiungo kikatikisika kabla gurudumu halijaitika, kiungo kimekwisha. Kisha inua upande mmoja, shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki na ujaribu tena. Mchezo ukiisha, beringi ndiyo iliyolegea. Ukibaki, tazama boljointi. Angalia pia bushi za mkono wa chini: mpira uliopasuka huruhusu gurudumu kurudi nyuma unapofunga breki, na tou hubadilika hapo hapo. Kitu chochote ukikikuta kimekwisha, kibadilishe kwanza. Fundi anayekubali kukugeuzia tairodi kabla ya kushika viungo hivi kwa mkono wake anakupotezea fedha, hata kama hakutozi kitu.

Na unapoinua gari, tafadhali, jeki ni ya kuinulia tu. Ukishainua, weka stendi za chuma au magogo ya mti mgumu yaliyokatwa vizuri, ndipo upeleke mkono chini. Usitumie tofali la saruji. Hupasuka ghafla bila kutoa onyo. Kwenye mchanga jeki huzama pembeni, kwa hiyo tanguliza ubao mpana, na zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au kabari mbele na nyuma.

Mahali pa kupimia panahitaji sakafu. Uwanja wa mchanga haufai, hata ukiwa umefagiliwa vizuri. Sakafu ya ghala la korosho inafaa sana nje ya msimu, ukiomba ruhusa kwa viongozi wa ushirika. Ikikosekana, baraza pana la saruji au kibaraza cha mbele ya duka. Weka pima maji juu ya ubao mrefu ulionyooka kati ya sehemu zitakapokaa magurudumu. Kama kuna mteremko mdogo, nyanyua upande wa chini kwa vipande vya mbao au malumalu mpaka kiputo cha hewa kikae katikati. Fanya kazi alfajiri, kabla upepo wa bahari haujaamka, maana timazi ikiyumba huna kipimo. Alfajiri pia matairi yamepoa, na upepo hupimwa yakiwa yamepoa. Jaza kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari yetu mengi yametoka Japani, kwa hiyo namba iko kwa kPa: 230 ni sawa na psi 33 hivi kwenye geji ya kijiweni. Pakia gari kama unavyolitumia. Noah inayobeba abiria kila siku haipimwi tupu, kwa sababu uzito hushusha mwili wa gari na tou husogea nayo.

Njia ninayoipenda ni ya timazi. Inua gurudumu moja la mbele, paka chaki ukanda mwembamba katikati ya tairi kulizunguka lote, weka msumari juu ya kigogo kizito kilichotulia ili ncha iguse tairi, kisha zungusha gurudumu kwa mkono. Msumari utachora mstari mmoja mwembamba unaojifunga wenyewe. Usifuate nyuzi za tairi kama alama, kwa sababu kiwandani hazikuchongwa kwa ajili ya kazi hii, na rimu iliyopinda kwenye shimo inaziyumbisha. Mstari wa msumari umezaliwa kutokana na mzunguko wenyewe, kwa hiyo rimu iliyopinda haiuharibu. Fanya hivyo pande zote mbili.

Shusha gari. Hapo magurudumu yatakuwa yamejibana chini kwa sababu yalikuwa yananing'inia, na ukipima sasa utapata uongo. Bonyeza pua ya gari mara kadhaa, kisha lisukume nyuma mita tatu au nne na ulirudishe mbele mpaka mahali pa kupimia. Mwendo wa mwisho uwe wa mbele siku zote, kwani gari likirudi nyuma viungo hukaa upande mwingine. Usukani uwe umenyooka, umefungwa kwa kamba kwenye kiti. Hili la kunyoosha usukani lina sababu ya zamani. Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, alibuni mpangilio wa mikono ya usukani, na mwaka 1818 wakala wake Rudolph Ackermann akauandikisha London. Unalifanya gurudumu la ndani ya kona ligeuke zaidi kuliko la nje. Magari yetu bado yanaufuata. Usukani ukiwa umepinda kidogo, magurudumu yako yana haki ya kutokuwa sambamba, nawe utahangaika kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Kata kijiti chenye urefu sawa na kimo cha katikati ya gurudumu kutoka sakafuni. Kisimamishe mbele ya tairi, uzi wa timazi uubane kwa kidole gumba juu ya mstari wa msumari hapo kijiti kilipoishia, uiache timazi ining'inie karibu kugusa sakafu. Subiri itulie kabisa. Weka msalaba wa chaki chini ya ncha. Fanya hivyo nyuma ya tairi hilohilo, kisha tairi la pili. Una misalaba minne. Fungua usukani, sukuma gari liondoke, sakafu ibaki wazi na alama zako, na sasa hakuna injini wala bomba la moshi linalozuia futi. Pima umbali kati ya misalaba miwili ya mbele, kisha miwili ya nyuma. Anzia kwenye sentimita 10 ya futi badala ya sifuri, kwa kuwa kile kibati cha mwanzo huwa kimelegea, na watu wawili wasome, kila mmoja kimya, ndipo mlinganishe. Ya nyuma ikiwa kubwa, magurudumu yamebana mbele. Ya mbele ikiwa kubwa, yamefunguka. Vitabu vya magari madogo mengi hutaka jumla iwe kati ya sifuri na milimita 2 au 3 za kubana. Cha gari lako ndicho cha kufuata. Rudia kupima kuanzia mwanzo; majibu mawili yakitofautiana zaidi ya milimita moja, bado hujapima.

Timazi imekupa jumla ya magurudumu mawili. Haijakuambia kila moja limeelekea wapi, na hapo ndipo uzi unapoingia. Jaza mchanga ndoo nne, simika kijiti katika kila moja, vuta uzi upande wa kushoto na upande wa kulia wa gari, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu, ukipita mbele na nyuma ya gari lote. Sogeza vijiti mpaka umbali kutoka uzi hadi katikati ya gurudumu la mbele uwe sawa kushoto na kulia, na wa nyuma vilevile uwe sawa kushoto na kulia, nyuzi mbili zenyewe zikibaki sambamba. Mbele na nyuma zenyewe zinaweza kutofautiana, kwa sababu magari mengi yana upana wa mbele usiolingana na wa nyuma. Kisha pima kutoka uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu na ukingo wa nyuma. Ukingo wa mbele ukiwa mbali zaidi na uzi, gurudumu hilo limebana. Usukani ukiwa umenyooka, kushoto na kulia vinatakiwa kufanana. Dereva anayelalamika kwamba gari linakwenda sawa ila usukani umekaa mshazari, jibu lake liko hapa.

Kurekebisha kwenyewe ni kazi fupi. Safisha nyuzi za tairodi kwa brashi ya waya na uzilainishe kwa mafuta usiku wa kuamkia kazi. Chumvi ya upepo wetu huzifunga vibaya. Legeza nati ya kufungia, kwa magari mengi namba 19 au 22, na ulegeze kibano cha mpira wa reki ya usukani ili mpira usijisokote na kupasuka. Huna haja ya kung'oa tairodi endi. Kabla hujageuza, tazama tairodi imefungwa mbele ya ekseli au nyuma yake. Ikiwa nyuma, kuirefusha kunabana magurudumu mbele. Ikiwa mbele, kuirefusha kunayafungua. Geuza kushoto na kulia kiasi kilekile ili usukani ubaki ulipo. Robo ya mzunguko upande mmoja hubadilisha jumla kwa milimita moja na nusu hadi mbili hivi kwenye magari mengi madogo, kwa hiyo nenda kwa robo, na usiiamini spana: sukuma gari, pima tena. Nyuzi zilizofichwa ndani ya kiungo zikaribiane pande zote mbili. Upande mmoja ukiwa umebaki na nyuzi chache zinazoshika, acha, kuna kitu kimepinda. Kwenye Canter na Land Cruiser zenye ekseli nzima mbele kuna bomba moja refu lenye nyuzi za kulia na za kushoto. Legeza vibano viwili, zungusha bomba, umemaliza. Chini ya magurudumu weka mifuko miwili ya sandarusi yenye grisi katikati, ili tairi liteleze unapogeuza badala ya kung'ang'ania saruji.

Kaza nati, kisha chora kwa rangi ya kucha mstari mmoja unaopita juu ya nati na tairodi. Siku utakapochungulia ukaukuta mstari umekatika, nati imegeuka. Jaribu gari bila abiria, mwendo mdogo, ndipo uongeze. Kwenye lami usishtuke likielekea kushoto taratibu, kwa kuwa barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yatoke, nasi tunaendesha kushoto. Likivuta kwa nguvu hata kwenye tambarare, badilishanisha matairi ya mbele kushoto na kulia, kama hayana mshale wa mwelekeo. Likigeuka kuvuta upande wa pili, kosa ni la tairi. Likivuta unapokanyaga breki tu, kosa ni la breki, na hilo halingoji kesho.

Kemba unaweza kuitazama kwa timazi hiyohiyo: shusha uzi ubavuni mwa rimu, upande wa nje, pima juu na chini. Kwa rimu yenye kimo cha sentimita 40, tofauti ya milimita 3.5 ni nusu digrii. Andika namba za kushoto na kulia, lakini usiiguse. Pande mbili zikitofautiana sana, mkono au shokapu imepinda, na hapo safari ya Dar es Salaam imepata sababu.

Ukienda, nenda na daftari lako na gari likiwa na uzito wake wa kawaida. Mwambie fundi wa mashine akupe karatasi mbili, ya kabla hajagusa kitu na ya baada. Linganisha ile ya kwanza na vipimo vyako vya sakafuni. Ya pili ihifadhi kwenye gari, na wiki utakayorudi Ruaruke lisukume gari kwenye sakafu ileile, upime kwa timazi, uandike namba zako pembeni mwa zake.